Sahili, ambatano au changamano? Kuchagua sentensi ya Kiingereza kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kijana mmoja aliniletea barua pepe ya kuomba radhi. Alikuwa amekosa usaili wa kazi Dar es Salaam kwa sababu basi alilopanda Morogoro lilicheleweshwa na mvua, na alitaka nimsahihishie Kiingereza kabla hajaituma. Kiini cha barua kilikuwa sentensi moja:

"Although the bus was late because of the rain, but I came, I found the interview has finished, I am still interested in the job."

Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili alichotaka kusema. Akasema: "Ingawa basi lilichelewa kwa sababu ya mvua, lakini nilifika, nikakuta usaili umekwisha, ila kazi bado naitaka."

Ukimsikia mtu akisema hivyo kijiweni au ofisini, humkatizi. Inaeleweka moja kwa moja. Na karibu kila kosa la ile sentensi ya Kiingereza limezaliwa humo humo, ndani ya Kiswahili kisicho na shida. Kijana hakupungukiwa na msamiati. Alichokosa ni kujua kwamba Kiingereza huhesabu vishazi, yaani vipande vya sentensi vyenye kitenzi, kwa namna yake, na kwamba kila aina ya sentensi huweka uzito mahali pake.

Shuleni aina za sentensi hufundishwa kama orodha: taja, fafanua, toa mifano miwili miwili. Unaweza kupata alama zote na bado usijue uchague ipi unapoandika barua. Kwa hiyo hapa nitaziweka ubavu kwa ubavu, nikitumia mambo yale yale ya kijana huyu: mvua, basi na usaili.

Kishazi cha kwetu na kishazi cha kwao

Kitenzi cha Kiswahili hutembea na nafsi yake. "Alishuka" ni sentensi kamili. Ile a- ya mwanzo ndiyo mtendaji. Tazama:

"Dereva alishuka, akakagua matairi, akapiga simu."

Vitenzi vitatu, na kila kimoja kina a- yake. Vishazi vitatu. Kwa Kiingereza:

"The driver got down, checked the tyres and made a call."

Hapa kiima, yaani neno linalomtaja mtendaji, ni kimoja tu, "the driver", na kinahudumia vitenzi vyote vitatu. Kwa hesabu ya Kiingereza hicho ni kishazi kimoja, na sentensi nzima ni sahili. Ukiikata "Checked the tyres" na kuiwekea nukta, umeacha kipande kisicho na mwenyewe.

Ndiyo maana tunaandika "It is a good phone because has a strong battery." Kwetu "kwa sababu ina betri imara" imekamilika, maana i- ipo. Kwao lazima iwe "because it has". Vivyo hivyo "inanyesha" ni "it is raining", hata kama hiyo "it" haimtaji mtu wala kitu. Njia ninayowapa watu ni hii: kila unapofika kwenye kitenzi chenye wakati, weka kidole juu ya kiima chake. Kidole kikikosa pa kutua, sentensi ina shimo.

Jambo la pili ni -ka-. Kiambishi hiki ni gundi. Kinashona vitendo kwa mfuatano bila kuhitaji kiunganishi. "Tulifika Mbezi, tukapanda basi, tukakaa nyuma, tukalala." Mkato, ambao wengine huuita koma, unatosha kwetu kwa sababu -ka- imeshafanya kazi ya kuunganisha. Kiingereza hakina kitu hicho. Mtu akitafsiri neno kwa neno anapata "We reached Mbezi, we boarded a bus, we sat at the back, we slept", yaani sentensi nne zilizobandikwa kwa mkato mtupu, na msahihishaji anachora mstari mwekundu. Tiba rahisi ni kutoa kiima kinachojirudia: "We reached Mbezi, boarded a bus, sat at the back and slept."

Kuna msomaji atakayenikumbusha maneno ya Julius Caesar baada ya ushindi wa Zela mwaka 47 kabla ya Kristo, ambayo kwa Kiingereza huandikwa "I came, I saw, I conquered." Ni kweli, hapo mkato umeachwa peke yake. Vishazi vile ni vifupi mno, vina umbo moja, na vinakwenda kama hatua za askari. Kwetu ni "Nilikuja, nikaona, nikashinda", na hakuna anayestuka. Kwa Kiingereza huo ni ubaguzi unaoruhusiwa kwa nadra. Katika barua ya kazi usiuguse.

Sahili au ambatano?

Sentensi sahili ina kishazi kimoja huru. Ambatano ina viwili au zaidi, vyote huru, na gundi ni moja kati ya maneno saba: for, and, nor, but, or, yet, so. Kabla ya neno hilo kwa kawaida huwekwa mkato. Gundi nyingine ni nukta mkato (;). Mkato ukiwa peke yake haubebi.

"It rained heavily. The bus was late. I missed the interview."

"It rained heavily and the bus was late, so I missed the interview."

Ya kwanza inapiga mara tatu, kila pigo na nafasi yake. Ya pili inasimulia kwa pumzi moja. Mimi huchagua sahili pale ambapo jambo linapaswa kusikika peke yake: kukiri kosa, kutoa uamuzi, kutaja matokeo. Ambatano naiweka pale ambapo mambo mawili yana uzito sawa na sitaki kumwelekeza msomaji alipe mojawapo kipaumbele. Hasara yake inajulikana kwa yeyote aliyesoma insha za kidato cha kwanza: "and" ikifuatana na "and", kisha "so", kisha "and" tena, msomaji hajui aangalie wapi.

Kuna neno linalowaponza hata waliosoma sana. "Therefore" na "however" si gundi, ingawa kwa maana yanafanana na "so" na "but". Ni vielezi. "The bus was late, therefore I missed the interview" ni kosa katika maandishi rasmi. Weka nukta au nukta mkato kabla ya "therefore". Tunajikwaa kwa sababu "kwa hiyo" ya kwetu inaweza kuanza sentensi na inaweza pia kuunganisha, bila mtu kulalamika.

Na tafadhali, usidhani sahili maana yake ni fupi. "After a long night of heavy rain on the Morogoro road, the old bus finally reached the city at ten in the morning" ina maneno zaidi ya ishirini na kitenzi kimoja tu chenye kiima. Mengine yote ni virai, yaani mafungu ya maneno yasiyo na kitenzi chenye kiima. Anayejua kutumia virai anaweza kuandika ukurasa mzima wa sentensi sahili zenye ladha.

Ambatano au changamano?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Sentensi changamano ina kishazi huru kimoja na kishazi tegemezi, kimoja au zaidi. Kishazi tegemezi huanzishwa na maneno kama because, although, when, while, if, unless, until, before, after. Neno hilo linakishusha cheo kishazi: kilikuwa kinasimama, sasa kinaegemea. Kwa hiyo kuchagua changamano ni kuchagua ni habari gani isimame na ipi iegemee.

Weka sentensi hizi tatu pamoja:

"I missed the interview, but I am still interested in the job."

"Although I missed the interview, I am still interested in the job."

"I am still interested in the job, although I missed the interview."

Ukweli ni ule ule. Lakini jiweke kwenye kiti cha mwajiri. Ya kwanza ni mizani yenye pande mbili sawa: kosa huku, nia kule. Ya pili inakiri kosa kwanza, inalishusha chini, na nia ndiyo inayobaki imesimama mwishoni. Ya tatu inaanza vizuri, kisha inamwachia msomaji neno la mwisho kuwa "missed the interview". Kiingereza hupenda kuweka uzito mwisho wa sentensi, na kilichosemwa mwisho ndicho kinachobaki sikioni. Kwa barua ya kijana yule nilichagua ya pili bila kusita.

Linganisha pia "because" na "so":

"The bus was late, so I missed the interview."

"I missed the interview because the bus was late."

Kwa "so", matokeo ndiyo habari. Kwa "because" mwishoni, sababu ndiyo habari, na inaanza kunusa kama kisingizio. Ukipeleka "because" mwanzoni, "Because the bus was late, I missed the interview", sababu inakuwa mandhari tu. Kishazi tegemezi kikitangulia, kinafuatwa na mkato. Kikija mwisho baada ya neno kama "because", "when" au "if", kwa kawaida mkato hauhitajiki.

Sasa makosa yetu matatu ya kurithi.

La kwanza ni "although" na "but" katika sentensi moja. "Ingawa... lakini" husemwa na wengi wetu, na masikio yameizoea. Kiingereza kinataka moja: ama "although" na sentensi iwe changamano, ama "but" na iwe ambatano. Ukiweka zote mbili, kishazi cha kwanza kimeshushwa cheo na cha pili kimeunganishwa na kitu ambacho hakipo. Vivyo hivyo "Kwa kuwa basi lilichelewa, hivyo nilikosa usaili": chagua "because" au "so", zisikutane.

La pili ni kukiacha kishazi tegemezi peke yake. "I missed the interview. Because the bus was late." Katika mazungumzo, "Kwa sababu basi lilichelewa" ni jibu kamili, na Waingereza nao husema hivyo wakizungumza. Kwenye karatasi rasmi kinahesabiwa ni kipande.

La tatu ni kuchanganya kishazi na kirai. Hapa Kiswahili kinatusaidia tukikisikiliza. "Kwa sababu" hufuatwa na kitenzi, "kwa sababu ya" hufuatwa na nomino. Ndivyo hivyo hivyo "because it rained" na "because of the rain". "Although" na "despite" nazo zinaachana kwa njia hiyo: "although it rained", lakini "despite the rain". Anayeandika "despite it rained" amesahau kwamba "despite" inataka nomino, kama "licha ya" yetu. Hakuna asemaye "licha ya ilinyesha".

Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wana sababu yao ya kulijua hili. Uandishi katika mtihani huo hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimoja ni upana na usahihi wa sarufi. Watahiniwa wengi huisikia nusu ya kwanza, upana, wakaanza kulazimisha changamano kila mstari. Sentensi changamano iliyovunjika inakuangusha kwenye nusu ya pili. Kwenye insha ya maneno 250 na dakika 40, afadhali changamano chache zilizonyooka, zikipokezana na sahili.

Shurutia, ambayo kwao haina chumba chake

Aliyesoma Tanzania anakumbuka sentensi shurutia kama aina inayojitegemea, yenye -ki-, -nge- na -ngali-. Sarufi ya Kiingereza haiipi chumba. Inaiweka ndani ya changamano, na kishazi cha "if" ni tegemezi kama vingine. Kinachotuumiza ni nyakati.

"Akija, nitampa barua" ni "If he comes, I will give him the letter." Si "if he will come".

"Angekuja, ningempa barua" ni "If he came, I would give him the letter."

"Angalikuja, ningalimpa barua" ni "If he had come, I would have given him the letter."

Angalia Kiswahili: -nge- iko pande zote mbili, -ngali- iko pande zote mbili. Tunapenda ulingano. Kwa hiyo mkono unaandika wenyewe "If he would come, I would give him the letter." Kiingereza kinagawa kazi: "would" inakaa kwenye kishazi huru tu, na kishazi cha "if" kinarudi nyuma hatua moja ya wakati. Mtu akishika hilo moja, amemaliza sehemu kubwa ya shida.

Kishazi cha "if" kina kazi nyingine ambayo vitabu vyetu huipita haraka, nayo ni adabu. Sisi tuna -e ya ombi: "Naomba unipe tarehe nyingine." Ni ya heshima tosha. Anayetafsiri anaandika "I request you give me another date", au hata "You give me another date", na kwa msomaji wa Kiingereza hiyo ya pili ni amri. Heshima kwao hujengwa kwa kurefusha sentensi: "I would be grateful if you could give me another date." Yaani walichokiweka katika kishazi kizima, sisi tunacho katika irabu moja ya mwisho wa kitenzi.

Kirejeshi chenye mkato au kisicho na mkato?

"Kitabu nilichokinunua kimepotea." Ndani ya kitenzi hicho kimoja kuna -cho- inayorejesha na -ki- inayotaja kitu. Zote halali. Kiingereza hakiruhusu mbili: "The book that I bought is lost." Anayeandika "The book that I bought it is lost" amekileta kile -ki- na kukiandika "it". Hiyo "that" unaweza hata kuiacha, "The book I bought is lost", kwa kuwa inashika nafasi ya kitu kinachotendwa. Ikishika nafasi ya mtendaji haiachwi. "The man sold me the book is my uncle" haisimami. Lazima "the man who sold me".

Lakini jambo zito ni mkato. Fikiria tangazo la mwenye nyumba:

"Tenants who have not paid will be asked to leave."

"Tenants, who have not paid, will be asked to leave."

La kwanza linawahusu wasiolipa tu. Kishazi "who have not paid" kinachuja. La pili linasema wapangaji wote hawajalipa na wote wataombwa kuondoka. Kishazi kimekuwa habari ya ziada. Mikato miwili imewahamisha hata waliolipa. Kiswahili kwa kawaida hakitegemei mkato kwa kazi hiyo, tunabadilisha maneno: "Wapangaji wasiolipa wataombwa kuondoka", dhidi ya "Wapangaji wote hawajalipa, na wataombwa kuondoka." Ndiyo maana mkato huo tunauona kama pambo.

Ukitaka kupima, kitoe kishazi. Kilichobaki kikiwa bado kinasema ulichokusudia, weka mikato. Maana ikibadilika, usiweke. Na "that" haikai baada ya mkato wa namna hii; hapo ni "who" au "which".

Familia ndiyo mfano ninaoupenda. "My mother, who lives in Tanga, is a teacher" ina mikato, kwa sababu kwa Mwingereza mama ni mmoja na haihitajiki kumchuja. Kwetu mama ni mama mzazi, mama mkubwa, mama mdogo, na "mama anayeishi Tanga" inaweza kuwa njia ya kawaida kabisa ya kuonyesha unamsema yupi. Ukiandika bila mikato, "my mother who lives in Tanga", msomaji wa huko atadhani una mama kadhaa na unamtofautisha huyu. Kwa maana ya nyumbani kwetu huenda ni kweli, lakini yeye atachanganyikiwa. Kwa ndugu kuna elimu zaidi: "my brother, who lives in Tanga" inasema nina kaka mmoja, "my brother who lives in Tanga" inasema ninao zaidi ya mmoja.

Kishazi tegemezi kikae wapi?

Mnamo mwaka 2006 kampuni mbili za Kanada, Rogers Communications na Aliant, zilifikishana mbele ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo kwa sababu ya mkato mmoja. Mkataba wao wa kutumia nguzo ulisema utadumu miaka mitano, na baada ya hapo kwa vipindi vya miaka mitano mitano, kisha ukaja mkato, kisha kishazi "unless and until terminated", kikieleza kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwaka mmoja. Rogers waliamini kishazi hicho kinahusu vile vipindi vya baadaye tu, kwa hiyo miaka mitano ya mwanzo ilikuwa salama. Aliant wakasema mkato uliotangulia unakifanya kihusu sentensi yote, kwa hiyo mkataba unaweza kuvunjwa hata mapema. Mamlaka ikakubaliana na Aliant. Mwaka 2007 ikageuza uamuzi, baada ya kuangalia toleo la Kifaransa la mkataba ambalo halikuwa na utata huo.

Hapakuwa na kosa la tahajia wala neno gumu. Kishazi tegemezi kiliwekwa mwishoni, mbali na kinachokihusu, na hakuna aliyeuliza kimeegemea nini. Kwenye mkataba, afadhali sentensi sahili tatu zenye kurudiarudia kuliko changamano moja nzuri yenye mlango usiojulikana unafunguka wapi. Ningeandika: mkataba utadumu miaka mitano. Katika miaka hiyo hauvunjwi. Baada ya hapo upande wowote unaweza kuuvunja.

Kishazi kamili au kifupisho chake?

Kiingereza kinaruhusu kufupisha kishazi tegemezi kwa kitenzi cha -ing. "While I was walking to the office, I met her" inakuwa "Walking to the office, I met her." Inapendeza. Lakini kifupisho hakina kiima, kinaazima cha kishazi huru kilicho karibu. Kwa hiyo "Walking to the office, the rain started" inasema mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kwenda ofisini.

Sisi hatuna woga huo. "Nikitembea kwenda ofisini, mvua ilianza": ile ni- imeshasema nani anatembea, na hakuna wa kuchanganya. Kwa sababu hiyo mtu wa Kiswahili huingia mtegoni bila kujua kuna mtego. Ushauri wangu kwa anayeanza: watendaji wakiwa wawili tofauti, tumia kishazi kamili chenye "while" au "when". Akiwa ni yule yule, kifupisho kinafaa.

Mseto, na barua ilivyokwenda

Aina ya nne ni ile yenye vishazi huru angalau viwili pamoja na kishazi tegemezi. Huwa naiita mseto. Inabeba mengi, lakini sipendi mbili zifuatane. Kati yake naweka sahili ili msomaji avute pumzi.

Tulikaa na yule kijana tukaiandika upya. "Has finished" ikawa "had ended", kwa sababu -me- ya "nikakuta usaili umekwisha" haijali sentensi imeanza wakati gani, lakini Kiingereza kinajali: kilichokwisha kabla ya wakati uliopita kinarudishwa nyuma kwa "had". Ikatoka hivi:

"I am writing to apologise. Because of heavy rain, the bus from Morogoro reached Dar es Salaam three hours late, and by the time I got to your office the interviews had ended. I should have called you. Although I missed the interview, I am still very interested in the job, and I would be grateful if you could give me another date."

Sahili, mseto, sahili, mseto. Mvua imebanwa ndani ya kirai, haikupewa hata kitenzi. Nia imesimama kwenye kishazi huru, na ombi limekaa mwisho kabisa.

Alisoma mara mbili, kisha akagusa ile sentensi ya tatu. "Mwalimu, hapa kwenye 'I should have called you' si tuongeze 'but my phone had no charge'? Ni kweli iliisha chaji."

Nikamwambia asome kwa sauti zote mbili, yenye "but" na isiyo nayo, huku akijifanya yeye ndiye mwajiri. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akaiacha ilivyokuwa, akaituma.